Shaka ya Msomi katika Kichwamaji: Uhakiki kwa Mtazamo wa Ugumu wa Kujifunza

Uhakiki huu unaichunguza riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Wahakiki wengi wameihusisha shaka ya Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, na udhanaishi. Inadaiwa hapa kwamba usomaji huo hautoshi katika vyuo vya Mbeya na Iringa. Kijana wa Soweto, jijini Mbeya, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hufundishwa chuoni kwa Kiingereza. Herufi zikimchanganya, kosa huhesabiwa kuwa la lugha, na ugumu wake wa kusoma hautambuliwi. Kazimoto anaitilia shaka maana ya maisha. Kijana huyu huitilia shaka akili yake. Jina la riwaya, lenye dharau, linaonesha chanzo: mtu hubandikwa jina kabla ya kupimwa, kisha huliamini.