Unga Usio na Madonge

Kaboni dioksaidi tunaitoa puani kila tunapopumua, na soda inafoka kwa ajili yake. Ipashe joto kupita nyuzi 31 za Selsiasi, uibane kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida mara 73 hivi, inakuwa kama popo: si ndege, si mnyama. Inapenya kama gesi, inayeyusha kama kimiminika. Mwaka 1822 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliitambua hali hiyo, kwa vimiminika vingine, kwa kutega sikio: aliviziba ndani ya mtutu wa bunduki pamoja na gololi ya jiwe, akaupasha moto, akasikia mlio wa gololi ukibadilika.

Ila ufundi ninaousifu ulikuja baadaye sana. Mwaka 1994 Joseph DeSimone na wenzake wa University of North Carolina, Marekani, walitengeneza ndani ya gesi hiyo iliyobanwa ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo. Malighafi yake inayeyuka humo bila taabu. Plastiki yenyewe haiyeyuki. Minyororo ya molekuli zake ikirefuka inajitenga, inang'ang'aniana, na ukifungua mtungi unakuta donge limeganda ukutani.

Dawa yake ni kiimarishi, na hapa ndipo akili ilipotumika. Ni molekuli ndefu ambayo uti wake unaishika punje ya plastiki, huku matawi yake yenye florini yakitanuka kwenye kaboni dioksaidi. Punje mbili zikikaribiana, matawi yanasukumana. Kila moja inabaki peke yake.

Mtungi wa kazi hii ukiwa na dirisha nene la yakuti, mtu anaona yote. Mwanzo ndani ni angavu, kama hamna kitu. Baadaye panaingia ukungu, kisha panakuwa peupe pe. Valvu ikifunguliwa taratibu gesi inaondoka, unabaki unga mkavu wa punje za mviringo, mikrometa moja au mbili kila moja. Hakuna cha kuanika, wala kiyeyushi cha kumwaga mtoni.

Florini, hata hivyo, ni ghali, na baadhi ya misombo yake haiozi. Wako wakemia waliohamia kwenye minyororo ya silikoni, nayo inapatana na kaboni dioksaidi kiasi cha kuzitenganisha punje. Mimi niko upande wao.