Furushi Kubwa, Diski Ndogo

Fundi wa seva hujulikana kabla hajafungua chochote. Kwanza huandika `df -h` aone diski imebakiza nafasi kiasi gani, kisha `tar -tvf` asome majina na ukubwa wa mafaili yaliyomo ndani ya furushi. Limbukeni hukimbilia kufungua, na kazi ikifika katikati mashine humwambia nafasi imekwisha.

Hesabu yenyewe haina huruma. Msimbo wa kiini cha Linux, toleo la 6.1, ukipakuliwa umebanwa kwa xz unazidi MB 100. Ukifunguliwa unapita GB 1. Tena, kwa njia ya kawaida, furushi na vilivyomo hukaa pamoja kwenye diski ileile.

Hapo ndipo tar inapostahili sifa. Ilitoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, ikikusudiwa kanda za sumaku, ambazo husomwa toka mwanzo hadi mwisho bila kurukaruka. Ndiyo maana kila faili ndani yake hutanguliwa na kichwa cha baiti 512 chenye jina na ukubwa, na tar haisubiri kuuona mwisho ndipo ianze kazi. Umbo hilo la kanda ndilo linalowezesha ujanja huu:

`ssh seva 'cat picha.tar.gz' | tar -xzf -`

Furushi linabaki kwenye mashine ya mbali. Data inapita mtandaoni, inafumuliwa papo hapo, na diski ndogo inapokea picha tu. Kazi yote imebebwa na ule mstari wima, ulioingia Unix mwaka 1973.

Zip, aliyoibuni Phil Katz mwaka 1989, ina tabia nyingine. Orodha yake iko mwishoni mwa faili, hivyo haipendi mkondo. Lakini `unzip -p` huchomoa faili moja bila kugusa mengine. Kwa tar.gz, hata likitakiwa faili moja, yote yaliyolitangulia lazima yafumuliwe, ingawa hayaandikwi kwenye diski.

Ipo pia njia ya wenye roho ngumu: `fallocate --punch-hole`, inayoachia nafasi ya sehemu za furushi zilizokwisha kusomwa, kwenye ext4 au XFS. Umeme ukikatika katikati, furushi limeharibika na kazi haijaisha. Asiijaribu asiye na nakala nyingine mahali pengine; na aliye nayo, mara nyingi ssh inamtosha.