Chrétien de Troyes na Bakuli la Mfalme Mvuvi

Katika watungaji wote wa Ufaransa ya zamani hapana aliyeigwa zaidi kuliko Chrétien de Troyes, wala aliyefichwa zaidi na wale waliomwiga. Tunayoyajua ya maisha yake ni machache mno. Alitunga yapata baina ya mwaka 1160 na 1190. Alipata hifadhi kwa Marie, bibi mtawala wa Champagne, kisha kwa Philippe wa Flanders, aliyekufa mbele ya Akka mwaka 1191. Zimesalia hadithi zake tano ndefu za mashairi juu ya mashujaa wa Mfalme Arthur: Erec, Cligès, Lancelot, Yvain na Perceval, nyingi zikiwa na mistari ipatayo 7,000. Ya mwisho ilikwisha pita 9,000 ilipokatika, nayo haikumalizika.

Wasomaji wengi humjia Chrétien kwa njia ya nyuma. Humjia kutoka vitabu vya nathari vya karne ya 13, ambamo visa vyake vilirefushwa na kutiwa mafundisho. Au kutoka makala ya Gaston Paris ya mwaka 1883, iliyoeneza lile jina la mapenzi ya kibarazani, likawa kama miwani ambayo pasipo nayo hadithi ya Lancelot haisomwi. Mimi nathubutu kusema kwamba miwani hiyo imetupotezea mengi. Mtunzi huyu hakuwa mwalimu wa kanuni za mapenzi. Alikuwa fundi wa kupanga mambo, na yeye mwenyewe, katika utangulizi wa Erec, ajisifu kwa mpango huo mzuri na kuwalaumu wasimulizi wa ujira wanaokatakata visa na kuviharibu.

Tutazame mfano mmoja. Lancelot, akimtafuta malkia aliyetekwa, akutana na kibeti mwenye gari la kukokotwa, la namna ile iliyotumiwa kuwatembeza wahalifu mbele za watu. Kibeti amwambia apande iwapo ataka habari za malkia. Shujaa asita kidogo, Akili ikimvuta huku na Mapenzi kule, kisha apanda. Msomaji husahau jambo lile. Hupita mistari yapata 4,000 ya vita na madaraja ya hatari, Lancelot afika alipo malkia, naye malkia akataa hata kumtupia neno. Kwa nini? Hatuambiwi. Ni baadaye kabisa ndipo malkia anapomkumbusha zile hatua mbili alizochelewa kupanda. Mtunzi ametufanya tumhukumu malkia kwa ukatili bila ya kuijua kesi, kama vile Lancelot naye alivyohukumiwa. Wanaosema kwamba hapa Chrétien anahubiri utii wa mpenzi waangalie vema: utungo haumsifu malkia wala haumlaumu. Hata mwisho wa hadithi hakuuandika yeye; ulitungwa na Godefroi de Leigni, asemaye kwamba alifanya hivyo kwa idhini ya mwenyewe. Wengine wamedhani kwamba Chrétien aliichukia kazi aliyopewa na bibi yake. Huenda, lakini mtu aliyechukia asingaliushona mshono ule wa hatua mbili.

Nije sasa kwa jambo linalotuhusu sisi wa elimu ya lugha. Mstari wake una mizani nane, na mistari hufungwa kwa vina viwili viwili. Mswahili akisikia hivyo moja kwa moja hukumbuka utenzi, naye akitaka kumfasiri Chrétien atashawishika kuukimbilia. Ufanano huo ni wa juujuu. Kwanza, Mfaransa huhesabu hadi silabi ya mwisho yenye mkazo, na ile hafifu inayofuata haihesabu. Kwetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mizani zetu nane kwa hesabu yake zingekuwa saba. (Kweli, katika kughani mkazo huo hufifia, lakini haufi.) Pili, na hili ndilo kubwa, ubeti wa utenzi hufungwa na kina cha bahari, na maana kwa kawaida hutua hapo. Chrétien hana beti. Naye, kama Paul Meyer alivyoonyesha zamani, aliivunja ile jozi ya vina: sentensi hukoma mwisho wa mstari wa kwanza, na nyingine huanza katika wa pili, hata kina kikawa chawaunganisha wanenaji wawili ambao maana imewatenga. Ndiyo sababu mazungumzo yake yana mwendo wa watu hasa. Kumtia katika utenzi ni kumfungia tena mlango alioufungua.

Ugumu mwingine ni wa neno moja. Perceval, kijana mshamba aliyelelewa na mama yake msituni, ameonywa na Gornemant asiwe mwingi wa maneno. Alala kwa Mfalme Mvuvi, naye akiwa mezani aona mkuki utokao damu, vinara vya mishumaa, kisha msichana aliyeshika kwa mikono miwili *graal* ya dhahabu yenye vito, na nyuma yake sinia la fedha. Chombo kile chapita kila chakula kinapoletwa. Perceval ataka kuuliza ni nani anayeandaliwa kwacho, akumbuka lile onyo, anyamaza. Asubuhi ngome ni tupu.

Katika Kifaransa cha siku zile *graal* ni chombo kipana chenye kina cha kuandalia chakula. Ni Robert de Boron, baada ya Chrétien, aliyekifanya kikombe cha Karamu ya Mwisho. Mtunzi wetu asema *un graal*, chombo kimoja miongoni mwa vyombo, na hata mtawa, Ijumaa Kuu, anapofumbua siri, jibu lake ni kwamba ndani hamna samaki bali hostia moja tu, chakula cha baba wa mfalme mgonjwa. Jibu hilo halina nguvu ila kwa msikiaji aliyetazamia samaki.

Je, tuseme nini kwa Kiswahili? Niliwahi kutumia *kombe*, maana kombe la kale ni sahani kubwa. Wanafunzi wangu walisikia kikombe cha ushindi, na mmoja akauliza papo hapo kama ndicho alichonywea Yesu. Neno letu limesafiri njia ile ile ya *graal*. *Sinia* halifai, kwa kuwa ni bapa, nalo lahitajiwa kwa kile chombo cha fedha kifuatacho. Nimechagua *bakuli*, bila ya *lile* wala herufi kubwa: msichana akaingia ameshika bakuli. Watakaosema kwamba neno hilo ni la jikoni wamesema kweli. Bakuli likipita mbele ya mgeni na kuingizwa chumba cha ndani, swali la nani anayekula humo humjia mtu yeyote, na kosa la Perceval laonekana lilivyo: alikosa kuuliza jambo dogo ambalo hata mtoto angaliuliza.