Ndoo, Kioo na Joto la Dar es Salaam

Saa tisa usiku nilisikia kishindo jikoni. Nilipowasha taa, mfuniko wa ndoo ya bia niliyokuwa nachachusha ulikuwa sakafuni, povu la rangi ya chai ya maziwa lilikuwa linatiririka ubavuni, na vipande vya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, vilikuwa vimenata darini. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoboa mfuniko nikapitisha mrija wa dripu, mpya kabisa kutoka duka la dawa, ncha yake ya pili ikazama kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Mpango ulikuwa sahihi, ila tundu lilikuwa dogo mno. Povu la hamira ni zito na hubeba masalia ya hopsi. Kwenye tundu la milimita 3 lilikwama kama uji kwenye sindano.

Asubuhi yake nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Lita 7 za maji ya kimea cha shayiri yanayosoma 1.050 kwenye haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika, zina karibu gramu 900 za sukari na jamaa zake. Hamira ya kawaida hula kama gramu 560 kati ya hizo, na karibu nusu ya uzito huo hugeuka gesi ya kaboni. Kwa joto la Dar es Salaam hiyo ni gesi ya lita 140 hivi, na sehemu kubwa hutoka katika siku 3 za mwanzo. Chombo cha lita 10 kinatakiwa kitoe gesi mara 14 ya ujazo wake kupitia tundu moja. Kama kingekuwa chupa ya kioo iliyozibwa kwa nguvu, nisingeamka kufuta dari tu. Ningeokota vigae vya kioo.

Ndiyo maana leo nataka kuchambua namna nilivyochagua chombo kidogo cha kuchachushia bia nyumbani, na kwa nini nimeishia kwenye kitu ambacho wengi hukidharau: ndoo nyeupe ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana.

Kwanza, udogo wenyewe. Anayeanza huambiwa apike lita 20, kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa Marekani na Uingereza vimepimwa kwa kiasi kinachokaribia hicho. Lita 20 zinataka sufuria la shughuli, jiko la moto mkubwa, na njia ya kupoza haraka maji yanayochemka. Lita 7 zinachemka kwenye jiko la gesi la kawaida na kupoa kwenye beseni la barafu kabla hujamaliza kuosha vyombo. Zikiharibika umepoteza mchana mmoja na kimea cha kilo moja na nusu au mbili. Zikifaulu, unapata chupa 12 za nusu lita. Kwa mtu anayejifunza, kupika mara nne kidogo kidogo kunafundisha kuliko kupika mara moja kwa wingi.

Lakini chombo kidogo si chombo kikubwa kilichopunguzwa. Kikiwa na umbo lilelile, chombo cha lita 5 kina ngozi kubwa kwa kila lita, zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na cha lita 20. Ngozi hiyo ndiyo inayopitisha joto, na kama ni ya plastiki, ndiyo inayopenyeza hewa. Kwa hiyo udogo unakusaidia kwenye joto na kukuumiza kwenye hewa. Mengine yote niliyojifunza yanatoka hapo.

Nilianza na dumu la mafuta ya kula, kwa kuwa lilikuwapo nyumbani. Nalitaja kwa kifupi ili mtu mwingine asilirudie. Mafuta huingia kwenye plastiki hiyo na hayatoki yote, hata ukitia maji moto na sabuni mara kumi, na mafuta kidogo tu huua povu la bia kwenye glasi. Halafu kuna ule mkono wa dumu, ambao ndani yake ni mtupu. Bia huingia humo na hamira ikaganda humo, wala hakuna brashi inayofika. Ndoo zilizokuja na rangi ya ukuta usizisogelee kabisa, hata zing'ae vipi.

Baada ya dumu nilihamia kwenye chupa kubwa ya kioo ya lita 5, yenye shingo nyembamba. Nayaelewa sana mapenzi ya watu kwa kioo. Unaona kila kitu: siku ya kwanza maji ya rangi ya asali yametulia, siku ya pili yanazunguka yenyewe kama kuna mtu anakoroga, siku ya tano sira imeanza kulala chini, tabaka jeupe juu ya tabaka la kahawia. Kioo hakipitishi hewa, hakishiki harufu, hakikwaruziki kirahisi. Aliyejifunza kwenye kioo anaijua hamira kwa macho.

Ubaya wake uko kwenye kazi ya kila siku. Shingo ni nyembamba, mkono hauingii, na ule mviringo wa povu lililokauka juu, mgumu kama tope la ukutani, unautoa kwa kuloweka usiku kucha na kutikisa. Kioo cha kawaida hakivumilii maji ya moto ghafla. Kikiwa kimeloa na mkono una sabuni, kinateleza, na kikianguka kinakata vibaya. Nafasi nayo ni finyu. Povu linahitaji robo ya chombo, hivyo chupa ya lita 5 inabeba bia ya lita 4 kasoro. Ondoa nusu lita ya sira, ondoa unachochota kupima kwa haidromita, na unabaki na chupa 6. Pia kioo cheupe hupitisha mwanga, na mwanga ukikutana na uchungu wa hopsi hutengeneza harufu ya kicheche. Hilo linatibika: nilikuwa naifunga chupa kwa kanga mbili, na ule uzuri wa kuona ukaishia hapo.

Sasa joto. Wenzetu wa nchi za baridi hulipitia haraka, lakini kwetu pwani ndilo linaloamua.

Hamira ikila sukari hutoa joto. Kila gramu inayochachuka hutoa karibu kilojuli 0.59, na kwa bia ya nguvu ya kawaida hiyo ni kilojuli 47 kwa kila lita. Kama joto hilo lingefungiwa lisitoke, bia ingepanda nyuzi 11 juu ya ilipoanzia. Chumba changu mwezi wa pili hakishuki chini ya nyuzi 29 hata usiku. Hamira nyingi za bia za Kiingereza na Kimarekani hupenda nyuzi 18 hadi 22. Ukizipeleka 30 na zaidi zinatoa pombe kali zenye harufu ya rangi ya kucha, na kichwa cha kesho kinalipa. Hapa ndipo ngozi kubwa ya chombo kidogo inapokuwa rafiki, maana joto linatoka upesi, mradi kuna kitu cha kulipokea.

Nilichofanya ni hiki. Ndoo inakaa ndani ya beseni pana, maji yakifika nusu ya kimo chake. Juu yake navisha fulana kuukuu ya pamba, pindo likizama majini ili linyonye maji na kupanda nayo, na feni inapuliza. Kwenye ukavu wa Dodoma hilo peke yake lingetosha kushusha nyuzi kadhaa, kama mtungi unavyopoza maji. Pwani hewa imejaa unyevu, fulana haikauki upesi, na faida inakuwa ndogo. Kwa hiyo naongeza barafu: chupa za maji za nusu lita zilizogandishwa, 2 asubuhi na 2 jioni.

Nilipolinganisha hesabu ya barafu na ya joto la hamira nilikaa kimya kidogo. Barafu ya chupa 2 za nusu lita ikiyeyuka humeza kilojuli 334. Lita 7 za bia, tangu hamira iingie hadi imalize, hutoa kilojuli 330 hivi. Chupa mbili tu, basi, zinatosha kulipa joto lote la hamira kwa safari nzima. Barafu nyingine yote ninayotumbukiza kwa wiki nzima inapambana na chumba. Tangu nilijue hilo niliacha kuhangaika na unene wa ukuta wa ndoo, nikahamisha beseni kutoka jikoni kwenda kwenye sakafu ya saruji ya stoo, karibu na ukuta usiopigwa na jua, na barafu ikaanza kudumu karibu mara mbili.

Ipo pia njia ya kukwepa barafu kabisa. Huko Norwei, hasa wilaya za magharibi kama Voss, wakulima wametunza kwa vizazi hamira iitwayo kveik, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 na hata 40, na wao huimwaga kwenye maji ya kimea yakiwa bado na joto la mwili. Siku hizi inauzwa ikiwa kavu, kwenye pakiti. Ni ajabu njema kwamba hamira inayolifaa zaidi joto la Tandika hapa Dar es Salaam imetoka kwenye nchi ya theluji. Inaacha ladha ya chungwa inayonipendeza kwenye baadhi ya bia, si zote.

Hewa nayo nilianza kuielewa nilipokumbuka mbege. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Nimekua nikiona ndizi mbivu zikichemshwa, zikaachwa zichachuke siku kadhaa kwenye pipa lisilozibwa sawasawa, kisha uji wa kimea cha ulezi ukaongezwa, na kesho yake watu wakakaa na kata zao. Hakuna kizibo cha maji, hakuna mrija, na mbege ni nzuri. Kwa nini bia ya shayiri inidai haya yote? Kwa sababu mbege inanywewa ingali hai, gesi bado inapanda na kuisukuma hewa nje, na ukakasi unaoletwa na bakteria ni sehemu ya ladha inayotakiwa. Kesho kutwa imekwisha. Bia ya shayiri inakaa siku 12 kwenye ndoo na wiki 2 nyingine kwenye chupa. Hewa inapata muda wa kuifanyia kazi, na bia ikaanza kunuka boksi lililoloa. Muda ambao kinywaji kitakaa ndio unaoamua chombo kizibwe kiasi gani.

Kwa kipimo hicho ndoo inapita. Plastiki yake, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini ya kitako, hupenyeza oksijeni kidogo kidogo, lakini kwa siku 12 kiasi hicho hakifiki kudhuru. Kinachodhuru ni kufungua mfuniko kuchungulia. Wakati wa uchachukaji gesi imekwisha kuifukuza hewa yote juu ya bia. Ukifungua siku ya tisa, hewa mpya inaingia na hakuna gesi iliyobaki ya kuifukuza tena. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona lita 4 zimewekwa kwenye ndoo ya lita 20: hewa iliyo juu ni nyingi kuliko bia yenyewe.

Mfuniko wa ndoo wakati mwingine huvuja pembeni, mapovu hayaonekani kwenye chupa ya maji, na mpikaji mpya hudhani hamira imekufa. Asubiri, apime kwa haidromita siku ya kumi na ya kumi na mbili. Namba zikilingana, bia imemaliza. Na mfuniko huo huo unaovuja ndio ulioniokoa usiku ule, kwa kuruka badala ya kupasuka.

Kuhusu vyombo vya stenlesi vyenye kitako cha koni, nasema kidogo. Umbo hilo lilibuniwa na Leopold Nathan mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya viwanda, ambako sira ya maelfu ya lita inatelemka na kufunguliwa kwa koki chini. Kwenye lita 7 sira ni vikombe viwili, na mpira wa kunyonyea unaiacha chini bila shida. Ni kifaa kizuri, hakichubuki wala hakipitishi hewa, ila fedha yake ningeiweka kwanza kwenye friji kuukuu na kidhibiti joto.

Ndoo ina sharti moja gumu: isikwaruzwe. Ninayotumia haijawahi kuguswa na stilwaya. Naiosha kwa sponji laini, mkono mzima ukiwa ndani, vidole vikipapasa mstari wa povu mpaka uwe laini. Baada ya hapo ndipo naweka jiki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji, dakika 20, bila kuichanganya na siki wala kitu kingine, kisha nasuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Sikuweka koki pia, kwa kuwa uchafu hujificha kwenye nyuzi zake. Ndoo ikianza kuonyesha michirizi naishusha cheo, inakuwa ya kuchotea maji, nanunua nyingine.

Chupa ya kioo sikuitupa. Ipo kabatini, imefungwa kanga yake, na ndani mna bia nyeusi nzito niliyoihamishia tangu mwezi wa nne, inayotaka miezi sita bila kuguswa. Na stooni, ndani ya beseni, ndoo iko siku ya pili. Mrija wa dripu nimeuondoa. Sasa kuna mpira wa milimita 10, mwanya wa kutosha povu kupita, na kila sekunde mbili chupa ya maji inacheua.