Umri wa mpira: jinsi S-Class ya W220 inavyochakaa na inavyotengenezwa

Mtu anayenunua gari la kifahari lililokwisha kutumika huanza kwa kusoma kipima kilomita, na muuzaji anayelijua hilo hutanguliza kilomita chache kuwa sifa ya kwanza ya gari lake, ilhali kinachoharibika kwa wingi na kwa gharama kubwa ndani ya gari la namna hiyo si kile kinachohesabu kilomita bali kile kinachohesabu miaka. Mpira, plastiki na vizibo vidogo vya mviringo vinavyozuia oili kuvuja huzeeka gari likiwa limeegeshwa uani, pengine haraka kuliko likiwa safarini, na gari la kifahari hutofautiana na gari la kawaida hasa kwa wingi wa vitu hivyo. Uzee huo, na jinsi unavyotibiwa, unaonekana wazi katika Mercedes-Benz S-Class ya kizazi kinachotambuliwa kiwandani kwa namba W220, kilichotolewa mwaka 1998 kushika nafasi ya W140, kikaipisha W221 mwaka 2005.

Kizazi hicho kiko kwenye mpaka wa zama mbili. W140 ilikuwa gari zito, lililojengwa kwa chuma kingi na kubebwa na springi za koili. W220 ilikuwa nyepesi zaidi na iliukata upepo vizuri zaidi, kwani kipimo chake cha ukinzani wa hewa, ambacho kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo gari linavyopita kwa urahisi, kilishuka hadi 0.27, na kazi iliyokuwa ikifanywa na uzito wa chuma ikahamishiwa kwenye hewa, mafuta na kompyuta. Hewa yenyewe haikuwa jambo geni kwa kampuni hiyo, maana 300 SE ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ile 600 ya mwaka 1963, iliyopendwa na marais na wafalme, zilikuwa zimekwisha kuwekwa juu ya springi za hewa. Kilichokuwa kipya ni kuifanya iwe kifaa cha kawaida cha S-Class badala ya nakshi ya ziada, kuiweka chini ya usimamizi wa kompyuta, na kuipa jina la Airmatic.

Magari haya yaliingia Afrika Mashariki yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani na Uingereza ambako usukani uko kulia. Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, unaofanyika gari linapotimiza miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake huwafanya wenye magari wengi waone afadhali kuuza kuliko kupeleka gari la zamani kukaguliwa tena. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo hata W220 za mwisho zilifungiwa mlango huo takriban mwaka 2013, wakati Tanzania hulipokea gari kuukuu lakini huliongezea ushuru kwa kadiri ya umri wake. Matokeo ni kwamba W220 zilizopo barabarani leo zina umri wa miaka 20 au zaidi na zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Chapa iliyowapa Wabenzi jina lao sasa hupatikana kwa bei ya gari dogo la familia. Bei ya spea, hata hivyo, haikushuka pamoja na bei ya gari, kwa kuwa ilipangwa kwa kufuata thamani ya gari lilipokuwa jipya, na hapo ndipo mnunuzi mwenye uwezo wa kununua hugundua kwamba hana uwezo wa kumiliki.

Katika Airmatic kila gurudumu hubebwa na mguu mmoja wenye vitu viwili ndani yake: shokapu, inayotuliza mtikisiko, na springi ya hewa, ambayo ni mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi na kuviringishwa juu ya pistoni, hivi kwamba gurudumu linapopanda mpira hujikunja na linaposhuka hujikunjua. Kompresa ya umeme, iliyotengenezwa na WABCO, huvuta hewa kupitia chujio, huigandamiza kwa shinikizo ambalo ni mara kadhaa ya lile la tairi, na kuipeleka kwenye bloku ya valvu, ambayo huigawa kwenye miguu minne na kwenye tangi dogo la akiba. Vihisi vilivyofungwa kwenye mikono ya magurudumu huiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani, nayo huamuru hewa iongezwe au iachiliwe. Dereva anaweza kulipandisha gari kwa kitufe anapoingia barabara mbovu, na kompyuta yenyewe hulishusha kwa milimita 15 linapozidi kilomita 140 kwa saa, ili lishike barabara na kupunguza ukinzani wa upepo. Huduma hii ya mwisho haina maana kubwa kati ya Morogoro na Dodoma.

Kuharibika huanza mahali pasipoonekana. Mpira hupasuka nyufa ndogo pale unapojikunja, kwa sababu ya joto, hewa ya ozoni na miaka, na mwanzoni hewa hupenya tu gari linapokaa katika kimo fulani au usiku wa baridi, kisha kompresa huifidia asubuhi bila dereva kutambua lolote. Kompresa hiyo haikutengenezwa kufanya kazi kwa muda mrefu mfululizo. Ilikusudiwa kukimbia kwa muda mfupi, kisha ipoe. Inapolazimika kujaza mguu unaovuja, hupata joto kupita kiasi, ringi ya pistoni yake huliwa, na rilei, yaani swichi ndogo inayoipelekea umeme, huweza kuungua au kuganda ikiwa imefungika, hivyo kompresa ikaendelea kukimbia hata gari linapozimwa, hadi iungue au betri iishe. Fundi anayelikuta gari katika hali hiyo huona kompresa iliyokufa na kuibadilisha, na kwa miezi michache mteja huridhika, kisha kompresa mpya hufa kwa sababu ileile, kwa kuwa muuaji wake bado yupo kwenye gurudumu.

Kuna sababu ya pili, isiyotajwa sana gerejini, ambayo katika miji ya pwani ina uzito wa pekee. Hewa inayovutwa ina unyevu, na kompresa ina kikaushio chenye chembechembe zinazofyonza unyevu huo. Kikaushio hakijai kwa sababu kila mara gari linaposhushwa, hewa kavu hurudi kupitia humohumo na kuondoka na maji yaliyofyonzwa. Mfumo unaovuja huuvunja mzunguko huo, maana hewa huingia kupitia kikaushio lakini hutokea kwenye ufa bila kurudi, na chembechembe hulowa zikabaki zimelowa. Kuanzia hapo maji hufika kwenye bloku ya valvu, yakaleta kutu na kufanya valvu zisifunge sawasawa, na uvujaji uliokuwa wa mguu mmoja ukawa wa mfumo mzima. Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ni nzito kwa unyevu mwaka mzima, kikaushio hakipumziki hata kwenye gari zima, na kompresa inayofungwa upya bila kukibadilisha au kukikausha imefanyiwa nusu ya kazi.

Utambuzi sahihi kwa hiyo huanza na subira kabla ya kompyuta. Gari huegeshwa mahali tambarare, umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi hupimwa kwenye pembe zote nne, na vipimo hivyo hurudiwa kesho yake kabla ya kuwasha injini. Pembe moja iliyoshuka peke yake kwa kawaida huelekeza kwenye mguu wake au paipu yake. Ekseli nzima iliyoshuka, au gari zima, hufanya bloku ya valvu ishukiwe kwanza. Na gari linalobaki juu usiku kucha lakini likashindwa kupanda kwa kitufe linaelekeza kwenye kompresa, rilei yake au chujio lililoziba. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye mkunjo wa mpira, kwenye kichwa cha mguu na kwenye viungo vya paipu hutoa povu mahali panapovuja. Mashine ya kusoma kompyuta huja baada ya hapo kuthibitisha, kwa kuwa maandishi yake husema shinikizo halikufikiwa, lakini hayasemi kwa nini.

Mguu mpya unapofungwa kuna kosa linaloua kitu kilichonunuliwa kwa fedha nyingi ndani ya dakika moja, nalo ni kulishusha gari kutoka kwenye jeki kabla mfuko haujajazwa hewa. Mpira mtupu ukibebeshwa uzito hujikunja vibaya, na mkunjo ule hugeuka kuwa ufa. Njia iliyo sahihi ni kuamuru hewa iingie gurudumu likiwa bado linaning'inia, kulishusha gari polepole, kisha kukipanga upya kimo kwa mashine ya uchunguzi ili vihisi vijue sifuri yao iko wapi.

Wengine huamua kuiacha hewa kabisa na kufunga springi za koili. Uamuzi huo hubezwa na wapenzi wa gari hili, na bezo lao lina haki kiasi, maana shokapu zinazobadili ugumu wake kwa amri ya kompyuta hupotea pamoja na miguu na dashibodi hubaki na onyo lisilozimika. Hata hivyo seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya uzito wa W220, yenye shokapu zake na kifaa cha kuinyamazisha kompyuta, ni njia ya heshima kwa mtu anayeishi mbali na fundi mwenye mashine. Kisichokubalika ni springi zilizokatwa kutoka gari jingine na kuchomelewa, kwa sababu kimo cha gari hubadilisha pembe za mikono ya magurudumu, tairi huliwa upande mmoja, na breki za dharura hupata gari lisilosimama kama lilivyosanifiwa. Modeli zilizofungwa mfumo mwingine, uitwao ABC, ambao badala ya hewa hutumia mafuta yanayosukumwa na pampu ya injini kwa shinikizo la karibu bar 200, ni afadhali ziachwe kwa mwenye mfuko mrefu.

Uzee uleule wa mpira huonekana kwenye giaboksi, mahali ambapo wengi hawautarajii. Giaboksi ya otomatiki ya 722.6, yenye gia 5, iliyotoka mwaka 1996 na kutumika kwenye nyingi ya gari hizi, ilitangazwa kuwa na oili ya maisha yote, kauli ambayo mtengenezaji mwenyewe aliirekebisha baadaye kwa kupendekeza oili ibadilishwe. Haina kijiti cha kupimia. Mrija wake una kifuniko kilichofungwa, na kiwango hupimwa kwa kifaa maalumu oili ikiwa imefika joto la takriban nyuzi 80, jambo linaloeleza kwa nini giaboksi nyingi zimejazwa kwa kukisia. Penye udhaifu zaidi ni plagi ya plastiki yenye pini 13 inayoingiza nyaya ndani ya giaboksi, ambayo vizibo vyake vya mviringo hukakamaa kwa miaka na joto. Oili haidondoki tu chini. Hupanda ndani ya nyaya zenyewe, kati ya waya na ganda lake, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Gari huanza kubadili gia kwa kishindo, kisha hujifungia kwenye gia ya pili ili kujilinda, na mwenye gari huambiwa giaboksi imekufa. Plagi ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa za gari hili. Kabla ya kukubali kununua giaboksi ya mtumba, inatosha kuchomoa kiunganishi cha kompyuta hiyo na kukitazama kama kimelowa oili, na ikiwa ni hivyo, nyaya na kompyuta husafishwa, plagi na oili hubadilishwa pamoja na chujio lake, na mara nyingi safari huendelea.

Injini, ambayo mnunuzi huiogopa kuliko vyote, ndiyo inayodumu zaidi. M112 ya silinda 6 na M113 ya silinda 8 hutumia cheni badala ya mkanda kuendesha shafti za valvu, na matatizo yake ya kawaida ni madogo, ingawa huwachanganya mafundi wasiozizoea. Kila silinda ina plagi 2 za cheche, kwa hiyo silinda 8 huhitaji plagi 16, na anayenunua 8 ameacha nusu ya kazi. Injini inayozima ikiwa ya moto na kuwaka tena baada ya kupoa mara nyingi huwa imechoshwa na kihisi cha mzunguko wa kranki, kifaa kidogo ambacho joto la miaka huharibu nyaya zake za ndani, na pampu nyingi za mafuta zimebadilishwa bure kwa ajili yake. Redio nayo ina mtego wake: vifaa vya sauti vimeunganishwa kwa pete ya nyuzi za mwanga iitwayo D2B, ambamo ishara hupita kifaa hadi kifaa na kurudi ilikoanzia, kwa hiyo anayechomoa kibadilisha sidii kilichoharibika bila kuiunganisha pete hulinyamazisha gari zima.

Linabaki suala la mahali pa kupata miguu. Magari yaliyopata ajali hukatwa na kuuzwa vipande, na mguu wa mtumba huonekana kuwa nafuu, hasa ukiwa bado unashika hewa siku ya kuujaribu, ila mpira wake umekwisha kuhesabu miaka ileile iliyouua ule unaotolewa. Mguu mpya usio wa kiwandani, kutoka kwa watengenezaji wanaojishughulisha na springi za hewa kama Arnott wa Marekani, hugharimu zaidi, lakini hesabu yake ya miaka bado ni changa. Mwenye fedha ya miguu miwili tu hafanyi vyema kununua mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma kwa kufuata iliyokwisha kupasuka. Pande mbili za ekseli moja zilizaliwa pamoja na huzeeka pamoja, kwa hiyo hufungwa pamoja, pamoja na rilei mpya na chujio jipya la kompresa, na ekseli nyingine hupimwa kimo kila asubuhi hadi zamu yake ifike.