"Kesi ya Matumizi" au "Kisa cha Matumizi"? Uhakiki wa Istilahi za Usanifu wa Programu

Katika tafsiri za nyaraka za kompyuta, istilahi mbili zimeanza kuzoeleka: "kesi ya matumizi" na "mwigizaji". Zote mbili zimetokana na kufasiri neno kwa neno. Makusudi ya makala haya ni kuzihakiki, kwani tunaamini kwamba upungufu wake hauishii katika lugha, bali humfikia mwananchi ambaye programu imetungwa kwa ajili yake.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Ililetwa na Ivar Jacobson, mhandisi wa Uswidi aliyeshughulikia mitambo ya simu katika kampuni ya Ericsson. Aliieleza katika maandishi yake ya mwaka 1987, na kitabu chake cha mwaka 1992 kikaieneza. Kwa ufupi, ni maelezo ya hatua zipitazo baina ya mtu mwenye haja fulani na mfumo unaomtimizia haja hiyo, pamoja na yatokeayo mambo yakienda kombo. Huandikwa kwa lugha ya kawaida kabla programu haijatungwa, ili hata asiyejua kompyuta aweze kuyasoma na kusema, "Hapa sivyo tufanyavyo." Jacobson mwenyewe alianza na neno la Kiswidi, alipolifasiri moja kwa moja kwa Kiingereza akaona halikai vizuri, akalibadili. Hapana sababu basi ya sisi kufungwa na umbo la Kiingereza kuliko yeye alivyofungwa na la Kiswidi.

Tukija kwenye "kesi", neno hili kwa Mswahili liko mahakamani. Lina mshtaki, mshtakiwa na hukumu. Mkulima akiambiwa kwamba ofisa amekuja kuandika kesi yake ya matumizi, swali lake la kwanza litakuwa amekosa nini. Istilahi inayomtia hofu mtu ambaye maelezo yake ndiyo yanayotafutwa haifai.

"Mwigizaji" naye ni mtu wa jukwaani, ajifanyaye asiye. Wako wanaopendelea "mtendaji", lakini nchini Tanzania mtendaji ni ofisa wa kijiji au kata. "Mtumiaji" halitoshi, kwa kuwa katika fani hii anayeshiriki aweza kuwa mfumo mwingine, kama vile kompyuta ya benki. Sisi tunapendekeza "mhusika", neno lililozoeleka katika fasihi na katika barua za serikali. Atakayepinga kwamba mashine haiwezi kuitwa mhusika na akumbuke kuwa katika ngano zetu hata sungura na fisi ni wahusika.

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa M-PESA. Mwaka 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, zilianza kuujaribu mpango huo nchini Kenya pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Kusudi lilikuwa mkopaji alipe deni lake kwa simu. Katika majaribio ikadhihirika kwamba watu walikuwa wakiutumia kwa haja zao wenyewe, hasa kutumiana fedha. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Kama waandalizi wangeshikilia hatua walizoziandika wao tu, haja hiyo ingehesabiwa kuwa matumizi mabaya ya mpango. Manufaa ya jamii yalitokana na kuwaacha wenye haja waeleze mambo yao kwa vitendo.

Ndiyo maana tunapendekeza "kisa cha matumizi". Kisa husimuliwa, kina mhusika, chanzo, mfuatano wa matukio na mwisho. Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba kisa huashiria hadithi ya kubuni. Lakini husemwa pia "visa vya kipindupindu", navyo ni matukio ya kweli yanayohesabiwa. La pili ni kwamba wingi wake, "visa", unakaribiana na hati ya kuingilia nchi. Hati hiyo huandikwa "viza", na muktadha huondoa utata. "Hali ya matumizi" ni pana mno, na "mfano wa matumizi" tayari ni mali ya watunga kamusi.

Kwa mkondo ambao kila kitu hufanikiwa tunapendekeza "njia kuu", na kwa mikondo mingine "njia za kando". Mwalimu wa kompyuta asiziache njia za kando zipite bila kufundishwa: fedha zikienda kwa namba isiyo yake, humo ndimo mwananchi atakamojua kama programu ilimfikiria.

Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi mbele ya watu wasio wataalamu, kisha watuletee maoni yao kabla hazijasanifishwa.