Kamera Imesimama Wapi? Clarice Starling katika The Silence of the Lambs

Katika filamu za taharuki mwanamke amezoeleka katika nafasi mbili: ama ni maiti inayoanzisha kisa, ama ni mke wa mpelelezi anayemsihi mumewe aache kazi ya hatari. Ndiyo maana The Silence of the Lambs, iliyoongozwa na Jonathan Demme mwaka 1991, husifiwa kwa kuwa mpelelezi wake ni msichana. Sifa hiyo ni ya haki, ila ni nyepesi. Kumpa mwanamke bastola ni rahisi. Kwa maoni yangu uzuri wa filamu hii, na kosa lake pia, unatokana na mahali kamera iliposimama.

Clarice (Jodie Foster) bado yuko mafunzoni FBI. Mapema kabisa anaingia kwenye lifti iliyojaa wanaume wanaompita kwa kimo, wote wamevaa mashati mekundu. Hakuna anayemgusa wala kumtolea neno baya. Tangu hapo, wanaume wanapozungumza naye, Crawford mkuu wake, Dkt. Chilton anayemtongoza, hata Lecter mwenyewe, mara nyingi hutazama moja kwa moja ndani ya kamera. Clarice anapojibu, macho yake huenda kando kidogo. Kwa hiyo mtazamaji, awe wa kiume au wa kike, anakodolewa macho kama anavyokodolewa yeye.

Tukio ninalolithamini zaidi liko West Virginia, maiti ya msichana ilipotolewa mtoni. Crawford anamwambia mkuu wa polisi wa pale wakazungumze faragha, eti uhalifu wa aina hii una mambo yasiyofaa kusemwa mbele ya mwanamke. Clarice anaachwa katikati ya chumba, polisi wamemzunguka na kumkazia macho. Baadaye, ndani ya gari, Crawford anaeleza kuwa alitaka tu kumwondoa yule mzee. Clarice anamjibu kwamba jambo lile lina uzito, kwa sababu polisi humtazama yeye Crawford ili wajue namna ya kuenenda. Mpenda mapigano hatapata kitu hapa. Kwangu ndicho kilele.

Na tazama anavyoikagua maiti: anaona rangi ya kucha yenye kumetameta na masikio yaliyotobolewa mara tatu, anasema huyu ni msichana wa mjini. Wanaume walikuwa wameona majeraha tu.

(Kwetu Uganda, kwenye vibanda vya video, VJ hutafsiri filamu kwa sauti yake juu ya sauti za wahusika, na aghalabu VJ ni mwanamume. Jibu lile la kwenye gari likipita kinywani mwake kwa mzaha, sijui linabaki na nini.)

Sasa Jame Gumb, muuaji anayechuna ngozi za wanawake ili ajishonee vazi. Lecter anasema wazi kwamba Gumb si mtu wa jinsia nyingine kwa kweli, na Clarice anasema hakuna uhusiano kati ya hali hiyo na ukatili. Lakini hayo ni maneno. Picha inatuonyesha mwanamume aliyejipamba, anacheza mbele ya kamera, nasi tunatakiwa tuchukizwe. Yeye hatumwingii moyoni. Tunapopewa macho yake, ni kupitia miwani ya kuonea gizani, akimwinda Clarice katika chumba cha chini ya nyumba. Mtazamaji hutoka na picha ile. Sentensi mbili za Lecter husahaulika njiani.

Filamu ilitwaa tuzo tano kuu za Oscar mwaka 1992, na nje ya ukumbi watetezi wa haki za mashoga waliandamana. Wapo wanaosema waandamanaji hawakuielewa filamu. Mimi naona waliielewa vizuri, kwani aliyetufundisha nguvu ya kutazamwa ni Demme mwenyewe. Mwaka 1993 alitoa Philadelphia, kuhusu wakili shoga mwenye UKIMWI, na wengi waliichukulia kama jibu. Inawezekana. Ila katika Philadelphia hakuna muuaji wa kusakwa, kwa hiyo swali la nani huchaguliwa kuwa wa kututisha katika filamu ya taharuki halikujibiwa pale.